Kugeuka na Kugeuzwa: Msanii na Nafsi Yake katika Miji ya Mlima Kenya

Imekuwa desturi katika tahakiki za sanaa za Afrika Mashariki kudai kwamba kazi ya sanaa humgeuza yeye anayeiumba. Mchoraji husemwa kuwa amezaliwa upya katika rangi zake, na mwandishi aliyetoka kifungoni husemwa kuwa amepata nafsi mpya kwa kalamu. Kauli hizi hutolewa kwa wepesi unaotia shaka. Sarufi ya Kiswahili ina uangalifu zaidi kuliko wahakiki wake, kwani hutenganisha kugeuka, kugeuzwa na kujigeuza. Mhakiki asemaye kuwa msanii fulani “amebadilika” bila kueleza ni kitenzi kipi kati ya hivyo kinachomstahili hajafika popote. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya swali hili lina historia, na historia hiyo haina upole.

Kiganjo, mji mdogo ulio kwenye njia ya reli iendayo Nanyuki, unajulikana kote nchini Kenya kwa jambo moja: chuo cha polisi. Raia huingia humo na jina lake, mwendo wake na usemi wake, akatoka na nambari, hatua za gwaride na utii. Ndiyo kazi halali ya chuo cha namna hiyo, na hakuna haja ya kukilaumu. Kinatajwa hapa kwa kuwa kinaonyesha kugeuzwa katika sura yake iliyo wazi kabisa: mtenda anajulikana, mtendwa anajulikana, na kipimo cha mafanikio kimewekwa kabla mtu hajafika langoni. Umbali mfupi kutoka hapo, katika Karatina, Nyeri na Murang’a, walifanya kazi wasanii wa fani mbalimbali ambao walitakiwa wageuke, na ambao kazi zao ni majibu kwa takwa hilo.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Pamoja na bunduki na vijiji vya kulazimishwa, serikali ya kikoloni ilileta nadharia ya nafsi. Kambi za kizuizini ziliendeshwa kwa imani kwamba mtu aliyekula kiapo alikuwa mgonjwa, na kwamba tiba yake ilikuwa kuungama. Huko Athi River wafuasi wa vuguvugu la Moral Re-Armament walipewa nafasi katika kazi hiyo ya “urekebishaji”. Nje ya kambi, uamsho wa Kikristo ulikwisha kuzoeza watu ushuhuda wa wokovu, ambao nao una umbo la nyakati mbili: zamani nilikuwa gizani, sasa nipo nuruni. Imani ya waliookoka ilikuwa ya hiari, na baadhi yao waliuawa kwa kukataa kiapo. Ungamo la kambini lilitolewa chini ya ulinzi. Hata hivyo umbo la masimulizi ni lile lile: kuna kabla na kuna baada, na baada ndiyo iliyo bora.

Gakaara wa Wanjaũ, aliyezaliwa mwaka 1921 katika eneo la Tumutumu, alilifahamu umbo hilo kwa ndani. Alisoma Alliance, akafukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi wa mwaka 1940, kisha akaingia jeshini. Baada ya vita akawa mwandishi, mtunzi wa nyimbo na mchapishaji. Mwaka 1952 alitoa imani ya Gikuyu na Mumbi, andiko lililochukua kiunzi cha imani ya kanisa, ile inayokaririwa na waumini ibadani, na kukijaza ardhi na ukoo. Fani ya mishonari ilibaki karibu nzima, lakini maudhui yakahama. Alikamatwa katika msako wa kwanza wa Hali ya Hatari, akakaa kizuizini kwa miaka kadhaa, ikiwa ni pamoja na Kisiwa cha Manda na Athi River.

Kutokana na miaka hiyo kilitoka kitabu *Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ*, kilichochapishwa mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Wahakiki wamekisoma zaidi kama ushahidi wa kihistoria. Kama kazi ya fasihi, jambo kuu ndani yake ni utanzu uliochaguliwa. Shajara haina kabla na baada. Ina leo, na kesho yake leo nyingine. Ofisa wa urekebishaji anamtaka mzuiliwa asimulie maisha yake kama safari iliyofika mwisho, naye mwandishi anaandika chakula, uhamisho, barua, ugonjwa na mabishano ya wenzake. Ukinzani wa kitabu haumo hasa katika maneno makali dhidi ya Waingereza. Umo katika mfuatano wa tarehe unaokataa kuwa hadithi ya wongofu.

Dai hili linahitaji kuwekewa mipaka. Kitabu kilichotoka mwaka 1983 kilipita mikononi mwa mtu wa miaka sitini na ziada, aliyekuwa mchapishaji hodari na aliyejua wasomaji wake wanamtaka awe nani. Zaidi ya hayo, huko Athi River Gakaara aliandika michezo ya kuigiza iliyochezwa na wazuiliwa chini ya macho ya maofisa. Michezo hiyo huaibisha wahakiki wanaotaka shujaa asiye na doa, nao huipita kimya. Hapana sababu ya kuipita. Mtu anaweza kugeuzwa mchana jukwaani na kuendelea kujiandika usiku, na bado isiwezekane kusema ni upi kati ya uandishi huo miwili ulio wake “hasa”. Ugumu huo ndio unaoifanya shajara yake istahili kuhakikiwa kama fasihi.

Inasikitisha kwamba idara za Kiswahili zimemwachia Gakaara wataalamu wa historia na wa lugha ya Gikuyu. Kijitabu chake cha miaka ya kabla ya Hali ya Hatari, *Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika*, kiliandikwa kwa Kiswahili. Wanafunzi hufundishwa *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla (1973), na ni haki yake; wachache husomeshwa *Kaburi Bila Msalaba* ya P. M. Kareithi (1969), riwaya ya vita vya Mau Mau. Mwandishi wa Karatina hatajwi, kana kwamba Kiswahili cha bara hakikuwa na mwanafikra kabla ya uhuru.

Upande wa pili wa vita hivyo una ukuta wake. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, Murang’a, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo, lilijengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa katika Hali ya Hatari. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu upande wa Kilimanjaro na mwanafunzi wa Margaret Trowell huko Makerere, alichora humo picha tano kubwa zilizokamilika mwaka 1959: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na mandhari ni ya vilima vya eneo lile lile ambalo damu ilikuwa imemwagika.

Sifa ambayo picha hizi hupewa kila mara ni kwamba “zilimfanya Kristo kuwa Mwafrika”. Ni sifa ya kweli, lakini inasema machache. Mhakiki azihesabu tena picha. Mfululizo unakoma msalabani, Ufufuo haumo. Mwanatheolojia atapinga kuwa katika kanisa Ufufuo unaadhimishwa mezani pa Bwana, haulazimiki kuchorwa, na hoja yake ina uzito. Pamoja na hayo, waumini walioketi mbele ya kuta hizo mwaka 1959 walikuwa wajane wa pande zote mbili, pamoja na watu waliokuwa wametoka vizuizini hivi karibuni. Mbele yao haikuwekwa picha ya ushindi wa upande wowote. Mchoraji, mtu wa mlima mwingine asiyekuwa na kiapo cha kukiri wala cha kukana, alipewa kazi ya kutukuza mashahidi wa upande mmoja, naye akachora mwili unaoteswa ambao kila aliyeketi pale angeweza kuuita wake. Kama shajara ya Gakaara, ukuta huu unainyima hadhira ile “baada”.

Mwaka 1965 Njau na mkewe Rebeka walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi. (Mwanasarufi anaweza kuuliza ni ngeli gani inayotawala jina hilo, ambalo hucheza na mnyama paa na kitendo cha kupaa, wasanii hawakumngoja ajibu.) Mahali hapo wachoraji, wachongaji na waandishi walikutana, na msisitizo wa Njau ulikuwa mmoja: msanii asinakili. Mafundisho hayo huchukuliwa kama ushauri wa ufundi. Yakisomwa pamoja na kuta za Murang’a, ni kauli kuhusu nafsi, kwa kuwa aliyegeuzwa ni nakala ya yule aliyemgeuza. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya nyumba hiyo.

Rebeka Njau alikuwa amekwisha kulitazama suala hili kwa jicho kali zaidi. Tamthilia yake *The Scar*, iliyotokea katika jarida la Transition mwaka 1963, inamweka mbele Mariana, mwanamke anayewaongoza wasichana waachane na tohara. Yeye ndiye mgeuzaji. Kisha siri ya maisha yake ya nyuma inafichuliwa mbele ya watu, na kazi yake inaporomoka. Jamii inayomhukumu haijali kama hoja zake ni za kweli; inataka kabla yake iwe safi. Tamthilia ni fupi na mahali pengine maneno ya wahusika yanaelekea hotuba, lakini imeona jambo ambalo wanaume wawili waliotajwa hawakulazimika kuliona: gharama ya kujigeuza hadharani hailingani kwa mwanamume na mwanamke.

Kizazi kilichofuata kilimtoa Wahome Mutahi, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1954. Yeye alikamatwa mwaka 1986, chini ya serikali huru, katika msako wa Mwakenya, akafungwa. Riwaya yake *Three Days on the Cross* (1991) inarudi kwa kichwa chake katika taswira ile ile ya msalaba, na baadaye michezo yake ya Gikuyu, kama *Mũgaathe Mũbogothi*, ilichezwa katika mabaa, mbele ya walevi na wasomi kwa pamoja. Riwaya ina uzito wa chumba cha mateso, na huenda ndiyo inayotarajiwa kusomeshwa kama ushahidi wa mtu aliyepita motoni. Lakini jibu lake la ndani zaidi linapatikana katika safu ya gazeti iliyomfanya ajulikane, na katika mhusika wake Whispers. Jumapili baada ya Jumapili mhusika huyo anakunywa, anadanganya, anasutwa na mkewe aitwaye Thatcher, na juma linalofuata anarudi vile vile alivyokuwa. Hatubu.