Usahihi wa Programu za Kutyuni Ala: Tarumbeta katika Baridi ya Usambara

Katika milima ya Usambara, ambako shirika la kimisionari la Kijerumani lililokuja kujulikana kwa jina la Betheli lilianza kazi mwaka 1891, Ulutheri ulifika pamoja na mapokeo ya vikundi vya matarumbeta vya kanisa, na si ajabu, kwa kuwa Johannes Kuhlo, kinara wa vikundi hivyo nchini Ujerumani, alifanya kazi Betheli kwenyewe, mahali palipolipa shirika hilo jina. Mpigaji tarumbeta wa Bungu, katika milima hiyo, anayetafuta programu ya kutyuni, yaani ile inayosikiliza ala kwa maikrofoni ya kompyuta na kuonyesha noti imepanda au imeshuka kiasi gani, huvutwa kirahisi na wingi wa tarakimu baada ya nukta, ingawa tarakimu hizo peke yake hazithibitishi lolote.

Kipimo kinachotumika ni senti, ambayo ni sehemu moja ya mia ya nusutoni. Kwa noti A ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, senti moja ni takriban robo ya hezi, lakini kwa uzi mnene wa gitaa, wenye noti E ya hezi 82.4, haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya hezi, na hapo ndipo programu dhaifu huumbuka. Kompyuta ikichukua sampuli 44,100 kwa sekunde na programu ikazichambua kwa mafungu ya 4,096, masafa hutenganishwa kwa hatua za karibu hezi 10.8, ilhali kutoka E hiyo hadi F inayoifuata ni hezi 4.9 tu, kwa hiyo programu isiyokadiria kilele kilichojificha kati ya hatua hizo, wala kulinganisha wimbi na nakala yake iliyocheleweshwa, kama ifanyavyo mbinu ya YIN ya mwaka 2002, huonyesha senti ambazo haikuzipima. Fungu la sampuli 32,768 hupunguza tatizo, ila sindano ya programu kwenye skrini husubiri karibu robo tatu ya sekunde.

Saa ya kadi ya sauti, inayopanga kasi ya sampuli, hulaumiwa bure: kosa la sehemu 100 kwa milioni halizidi senti 0.2. Baridi ndiyo yenye uzito, kwani hewa ndani ya bomba ikipoa kwa nyuzi 5 za sentigredi, sauti hushuka karibu senti 15, na kutyuni kabla ya kupuliza hadi ala ipate joto ni kazi bure. Aidha, ala kongwe iliyoundwa kwa A ya hezi 435, kiwango kilichokubaliwa Vienna mwaka 1885, iko senti 20 chini ya 440, hivyo programu isiyoruhusu kubadili kiwango cha msingi haiifai.

Kabla ya kulipia programu yoyote, mnunuzi aipigie kwa simu mlio wa hezi 440, kisha 441, aone kama sindano inapanda karibu senti 4, halafu ajaribu 82.4 kwa spika kubwa iliyounganishwa na simu hiyo. Mlio usitoke kwenye kompyuta ileile, maana saa moja ikipiga na kupima, kosa lake, hata kama ni dogo, halionekani. Programu isiyofaulu jaribio hilo iachwe.