Trela za filamu za kutisha na hila ya kitenzi 'kupatikana'

Ukitaja 'trela' mjini Garissa, wengi watafikiria lori refu linaloelekea Wajir au Mandera. Juma lililopita nikiwa huko, kijana wa mwenyeji wangu alinionyesha trela ya aina nyingine katika simu yake: tangazo fupi la filamu ya kutisha.

"Prof, hii si ya kuigiza. Hizi picha zilipatikana msituni," akaniambia.

"Zilipatikana na nani?" nikamuuliza. Akanyamaza, kisha akacheka.

Swali langu lilikuwa na kasoro ya kisarufi, na kasoro hiyo ndiyo siri ya trela hizi. Kauli ya kutendwa humpa mtendaji nafasi: kanda iliokotwa na polisi. Kauli ya kutendeka haimpi. Picha 'zilipatikana', basi. Hofu huingilia kwenye pengo hilo.

Chukua filamu ya Marekani ya 1999, The Blair Witch Project. Tuliambiwa kuwa wanafunzi watatu walitoweka katika msitu wa Maryland Oktoba 1994, na mwaka mmoja baadaye picha zao zikapatikana. Waigizaji walitumia majina yao halisi, na kwenye intaneti wakatangazwa kuwa hawajulikani waliko. Mchawi mwenyewe haonekani. Tunapewa giza, kamera inayotetemeka na msichana anayelia. Yaliyobaki tunajijazia wenyewe.

Fasihi simulizi yetu pia hutisha, lakini hutisha kwa mkataba. Mtoto wa Kisomali anayesimuliwa habari za Dhegdheer, zimwi la kike lenye sikio refu linalokula watu, kwanza husikia 'Sheeko sheeko'. Mswahili huitikia 'Pakawa' baada ya 'Paukwa'. Atatetemeka, lakini anajua yumo hadithini. Trela ya Blair Witch iliificha paukwa.

Ndiyo maana naipa heko trela ya Paranormal Activity ya 2009. Inatuonyesha watazamaji wenyewe, ndani ya ukumbi wa sinema, wakiruka vitini na kufunika nyuso. Ni kama fanani anayekuonyesha hadhira yake kabla ya kuanza ngano. Unaogopa, unatamani kujua walichokiona, na bado unajua kuwa hii ni sinema.

Kwa nini jambo hili ni zito Garissa? Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa na magaidi wa Al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hiyo ni kauli ya kutendwa, na watendaji wanajulikana. Kwa aliyepitia siku hiyo, sauti ya mtu anayehema gizani si mchezo hata kidogo.

Isitoshe, simu ileile inayoleta trela huleta pia video zisizo na chanzo: 'imepatikana mpakani', 'inasemekana'. Aliyezoea kutouliza 'nani?' katika filamu, ataulizaje katika habari?

Sisemi vijana wasitazame. Hofu ya kuigiza ina raha yake, mradi mtu ajue mlango wa kutokea uko wapi.

Siku ya pili kijana yule alinitumia trela nyingine. Chini yake ameandika: "Paukwa, Prof!"

Nikamjibu: "Pakawa."