Maneno na Amri Katika Mfereji Mmoja: Uhakiki wa Mwenendo wa Programu za Terminali

Katika makala haya twakusudia kuuhakiki mwenendo wa programu za kompyuta zitumiazo maandishi matupu, yaani zile ziendeshwazo kwa amri zilizopigwa kwa kibodi, nazo hujibu kwa mistari ya herufi juu ya skrini pasipo picha. Huenda msomaji akauliza, jambo hili lahusu nini jarida la lugha? Jibu lake ni fupi. Wataalamu wa lugha wasio wachache huzitumia programu hizi kutafuta maneno katika matini, kuyapanga na kuyahesabu. Basi, ikiwa programu yaliambia jicho neno moja na kuliandikia faili neno jingine, ushahidi wetu wenyewe umo hatarini. Hoja yetu ni kwamba asili ya matata hayo ni moja: katika terminali, maneno ya mwandishi na amri za kuipamba skrini hupita katika mfereji mmoja, na wajibu wa kuyatenga umeachiwa adabu ya kila programu.

Mpango huu haukuanza kwa uzembe. Orodha ya alama iitwayo ASCII ilipotolewa mwaka 1963, kompyuta zilijibu kwa mashine za kupigia chapa juu ya karatasi. Katika alama zake 128, alama 33 si herufi bali ni amri. Namba 7 ilipiga kengele, namba 10 ilisogeza karatasi mstari mmoja, na namba 13 ilirudisha kichwa cha mashine mwanzo wa mstari. Amri hizo zilikuwa chache, na karatasi ilikuwa shahidi mwaminifu, kwa kuwa kilichokwisha kuchapwa hakikuweza kufutwa. Skrini zilipoingia mambo yaligeuka. Terminali ya VT100, iliyotolewa na kampuni ya Digital Equipment Corporation mwaka 1978, ilikuwa na mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja. Iliweza kuambiwa ifute, irudi juu, ikoleze herufi au izigeuze nyeupe kuwa nyeusi. Amri hizo huanza kwa alama namba 27, ikifuatwa na mabano ya mraba, tarakimu, na mwishowe herufi ya kawaida. Kanuni zake ziliandikwa katika hati ya ECMA-48, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1976, na terminali za leo bado huzifuata. Msomaji na aiweke moyoni ile herufi ya kawaida ya mwisho, kwani ndiyo iletayo balaa tutakayoieleza.

Tutwae mfano mmoja. Mtafiti ataka kukusanya maneno yote yenye mzizi «pend» katika matini yake. Huitumia programu ya grep ya mradi wa GNU, naye, kwa kupenda kuuona mzizi ukiwa umepakwa rangi nyekundu, huiamuru kwa hiari ya «--color=always», yaani itie rangi daima. Juu ya skrini kazi ni nzuri mno: katika «anapenda», silabi za pembeni ni za rangi ya kawaida na mzizi wang'aa. Lakini kilichoandikwa hasa si «anapenda». Baada ya «ana» imetiwa alama namba 27, kisha «[01;31m», ndiyo amri ya wekundu wenye kukoza. Hufuata tena alama namba 27 na «[K», amri ya kufuta hadi mwisho wa mstari. Ndipo huja «pend», kisha amri mbili za kuondoa rangi, «[m» na «[K», kila moja ikitanguliwa na alama yake. Mwisho kabisa huja irabu «a».

Sasa mtafiti huyapeleka matokeo hayo kwenye programu nyingine, iyakate maandishi kila mahali pasipo na herufi na kuzifanya herufi zote ndogo, ili ahesabu maneno. Neno moja «anapenda» hutoka vipande vitano: «ana», «m», «kpend», «m», «ka». Neno «wanapendana» hutoka «wana», «m», «kpend», «m», «kana». Neno «upendo» hutoa «u», «m», «kpend», «m», «ko». Lau vipande hivi vingalikuwa takataka tupu, kosa lingalijifichua lenyewe. Lakini mtu aijuaye sarufi yetu ataona mara moja ubaya ulipo. «Kpend» pekee ndiyo ipigayo kelele. «Ana», «wana» na «kana» ni maneno halali. «Ka» inafanana na kiambishi cha masimulizi, «ko» na kiambishi cha mahali, na «m» na kiambishi cha ngeli au cha mtendwa. Mtu ahesabuye viambishi atapata viwili vya «m» kwa kila mzizi, wala hapana mzungumzaji hata mmoja aliyevitamka. Rangi imegeuka kuwa mofimu.

Watetezi wa programu watasema kwamba kosa ni la mtumiaji aliyechagua «daima». Ni kweli, na twakiri kwamba dawa ipo. Ile hiari yenyewe yaweza kupewa neno «auto», na hapo programu huuliza kwanza kama maandishi yake yanakwenda kwenye terminali au kwingineko. Yakienda kwenye faili au kwenye programu nyingine, haitii rangi. Swali hilo huulizwa kwa kazi iitwayo isatty, ambayo imo katika mfumo wa Unix tangu miaka ya 1970. Programu ya ls nayo hufuata adabu iyo hiyo: mbele ya mtu huyapanga majina ya faili katika safu, na mbele ya programu nyingine huandika jina moja katika kila mstari. Hii ni adabu njema, mfano wa mtu ajuaye kwamba mazungumzo ya barazani si hati ya kadhi.

Hata hivyo adabu hiyo ina upungufu wake, nao haukutiliwa maanani ya kutosha. Programu huuliza maandishi yanakwenda wapi, wala haiulizi ni nani atakayeyasoma. Mtu akiyapeleka matokeo ya grep kwenye less, programu ya kusomea ukurasa kwa ukurasa, msomaji ni yeye yule mwenye macho, lakini rangi hunyimwa, kwa kuwa programu imeona bomba tu mbele yake. Kinyume chake, mtu akitumia programu iitwayo script ili kuhifadhi kikao chake chote katika faili, grep huona terminali na kudhani kuna mtu. Basi huzitia rangi zote, na faili hujaa amri. Katika hali ya kwanza aliye hai amedhaniwa mashine, na katika ya pili faili limedhaniwa mtu.

Liko pia jambo zito kuliko rangi. Kwa kuwa amri zaweza kurudi nyuma na kuandika juu ya kilichoandikwa, faili laweza kuonyesha juu ya skrini maneno ambayo siyo yote yaliyomo. Alama namba 13 peke yake yatosha: mstari waandikwa, kisha mwingine waandikwa juu yake, na mtazamaji huona ule wa pili tu. Atumiaye programu ya cat kulitazama faili asilolijua amekubali kuyatii yote yaliyomo. Katika jambo hili twaisifu less, iliyoandikwa na Mark Nudelman katika miaka ya 1980. Yenyewe, isipoambiwa vingine, huzionyesha amri kama alama zinazosomeka badala ya kuzitekeleza, na kwa hiari ya «-R» huziruhusu amri za rangi. Huo ndio uaminifu wa mhariri wa miswada: mfuto uonyeshwe kuwa ni mfuto, wala usifichwe.

Lakini less hiyo hiyo, na programu nyingi za kujaza skrini nzima, zina desturi ambayo twaona haifai kwa wasomaji. Terminali nyingi zina skrini mbili: moja ya kawaida, ambayo mistari yake hupanda na kuhifadhiwa, na nyingine ya muda. Programu huingia katika ile ya muda, na itokapo, yote yaliyokuwa yakisomwa hutoweka. Kwa programu ya kuhariri maandishi desturi hii ni ya heshima, kwa sababu humrudishia mwenyeji chumba chake kama alivyokiacha. Kwa programu ya kusomea maelezo ni usumbufu: mtu husoma namna ya kuandika amri, hutoka ili aiandike, na maelezo hayapo tena. Hiari ya «-X» huiponya less. Lakini dawa ambayo sharti mgonjwa aijue kwa jina kabla ya kupewa haiwafikii wengi.

Kanuni hii ya kutenga sura na matini yawagusa zaidi wale washughulikao na miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Terminali ni kama jamvi la vyumba vilivyo sawa, nazo herufi za Kilatini hukaa humo bila taabu. Herufi za Kiarabu huungana na huenda kuumeni kushoto. Baadhi ya terminali, kama mlterm, zimejitahidi kuzipanga ipasavyo, na nyingine huzitawanya mojamoja au kuzipindua. Mtu akilipindua faili ili lisomeke katika terminali ya namna hiyo, ameponya jicho na kuuharibu mswada. Mpangilio wa kutamka ndio uhifadhiwe, na kuonyesha kubaki kazi ya skrini.

Kutokana na hayo twaona kwamba programu njema hujulikana kwa mambo manne. Kwanza, huyatoa maneno yake katika mfereji wa matokeo yakiwa safi, na habari za maendeleo ya kazi huzipitisha katika mfereji wa makosa, ambao mfumo wa Unix uliutenga kwa ajili hiyo. Pili, mapambo huyatia penye terminali tu. Tatu, humpa mtumiaji neno moja la kukataa. Pendekezo la NO_COLOR la mwaka 2017 ni la namna hiyo: mtu huliweka jina hilo mara moja katika mazingira yake, na kila programu ilitambuayo huacha rangi. Nne, itokapo huirudisha skrini ilivyokuwa, bila ya kumnyang'anya msomaji alichokuwa akikisoma.

Kwa upande wetu, watafiti hatuna budi kuacha kuiamini skrini kana kwamba ndiyo matini. Kabla ya kuhesabu, na tulitazame faili kwa «cat -v», ambayo huiandika alama namba 27 kwa umbo la «^[», ili tujue kilichomo. Jedwali la viambishi lililojengwa juu ya faili lisilokaguliwa laweza kuwa limehesabu wekundu wa skrini pamoja na lugha ya watu, na msomaji wa jedwali hilo hatakuwa na njia ya kuvitenganisha.