Heko, Daniel Adongo

Vijana wanaosakata kandanda hapa Rhamu, karibu na Mto Daua, wanamjua mwanasoka Wanyama. Daniel Adongo pengine hawamjui, na hiyo si haki. Mwaka 2013 Mkenya huyu, aliyekuwa akicheza raga Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na timu ya Indianapolis Colts ya Marekani ilhali hajawahi kucheza mpira wa Kimarekani hata mechi moja. Wakampanga kwenye ulinzi, safu ya pili.

Kazi hiyo haitaki nguvu tu. Kwenye raga, asiye na mpira huruhusiwi kumkaba. Kwenye mpira wa Kimarekani, jitu la kilo 140 linakuvamia makusudi usimfikie mwenye mpira. Ulikwepe, usome mbinu, umwangushe mtu wako, yote kwa sekunde chache. Adongo alijifunza hayo ukubwani. Tarehe 8 Desemba 2013 akaingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ligi kuu ya mpira huo. Majeraha yakamwandama, na 2015 Colts wakaachana naye. Mechi zake ni chache mno, naam, lakini mimi nampa heko zote.