Kama, Ikiwa na Sivyo: Uhakiki wa Sharti katika Lugha ya Programu ya Nuru

Watetezi wa Kiswahili katika teknolojia aghalabu hupima mafanikio kwa kuhesabu istilahi zilizotafsiriwa. Kipimo hicho hakitoshi. Nuru, lugha ya programu ambayo maneno yake ya msingi ni ya Kiswahili, yastahili kuhakikiwa kisarufi, na sharti ndipo mahali pafaapo kuanzia.

Nuru hufungua sharti kwa *kama*, huongeza la pili kwa *au kama*, na humalizia kwa *sivyo*. Katika tamko la *badili*, ambapo thamani moja hulinganishwa na nyingine kadhaa, hutumika *ikiwa*. Kwa kuwa *kama* na *ikiwa* huchukuliwa kuwa visawe, mgawanyo huu waweza kuonekana wa kubahatisha. Mofolojia yaonyesha vinginevyo. *Ikiwa* huundwa na kiambishi cha upatanisho *i-*, kiambishi cha sharti *-ki-* na mzizi *-wa*. *I-* hiyo hudai kirejelewa, nacho katika *badili* kipo: thamani inayopimwa. *Kama* hakidai kirejelewa, hivyo hubeba sharti lolote. *Sivyo* hukanusha sharti zima lililotangulia bila kulirudia. Viambishi *-nge-* na *-ngali-* havimo, na ndivyo ipasavyo: mashine hupima hali iliyopo, wala haiwazii isiyokuwapo.

Kasoro imo katika *au kama*. Mkulima wa kahawa wa Chonyonyo, Karagwe, aweza kuagiza: "Kama kahawa ina unyevu au kama mvua inanyesha, usiipeleke ghalani." Masharti ni mawili, tokeo ni moja. Katika Nuru, *au kama* huleta tokeo jingine, tena hupimwa pale tu sharti la kwanza linapokosa kutimia. Ni kweli kwamba husemwa pia, "Au kama hutaki, baki". Lakini hapo maana huamuliwa na kituo cha sauti. Katika programu, kazi hiyo hufanywa na mabano, na anayeanza kujifunza husoma maneno kabla ya kuyazoea mabano. *Sivyo kama* ingebainisha mfuatano huo bila utata.

Suala hili si dogo. Mtoto wa Chonyonyo aliyelelewa kwa Kinyambo husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Lugha kama Nuru humpa fursa ya kujifunza mantiki kwa lugha ambayo tayari ameitumia kujifunzia hesabu. Fursa hiyo hupungua iwapo kiunganishi kina maana moja katika sentensi zake na nyingine katika mashine. Kwa hiyo, uteuzi wa maneno ya msingi wahitaji mwanaisimu sawa na unavyomhitaji mtaalamu wa kompyuta.