Miwani ya Uhalisia Pepe na Mkono wa Muuguzi

Mkazi wa Alunguli akipigwa risasi usiku, hana budi kuvushwa mto Lualaba kwa mtumbwi kabla ya kufikishwa hospitali kuu ya Kindu, mkoani Maniema, Kongo, na damu haimngojei mpiga kasia. Hivyo mwenye kumwokoa, aghalabu, si daktari mpasuaji bali ni muuguzi wa kituo cha afya kilicho jirani. Namna ya kumtaalimisha muuguzi huyo ndiyo inayotulazimu kuyapima mafunzo ya uhalisia pepe ambayo majeshi ya Magharibi yameyakumbatia.

Utafiti uliotolewa mwaka 2012 juu ya askari 4,596 wa Marekani waliofariki kwa majeraha ya vita baina ya 2001 na 2011 ulidhihirisha kwamba karibu tisa katika kila kumi walikata roho kabla ya kufika kwa daktari, na kwamba miongoni mwa hao, wale ambao pengine wangaliokolewa, takriban wote waliuawa na damu iliyovuja.

Kwa hiyo watungaji wa programu za mafunzo hayo ya uhalisia pepe huanzia kwenye damu. Mwanafunzi huvishwa miwani inayofuata kila mgeuko wa kichwa chake, akajiona yu katikati ya moshi na mayowe, mbele yake majeruhi ambaye paja lake linabubujika kwa kadiri iliyokwisha hesabiwa. Akikimbilia pumzi kabla ya kuziba damu, mapigo ya moyo hudhoofika palepale, na kosa lake huandikwa pamoja na sekunde alizopoteza, ili mwalimu amrudishie baadaye hatua kwa hatua. Katika kufundisha utaratibu na uamuzi chini ya hofu, sijui kitabu kinachoweza kushindana na chombo hiki.

Lakini mkanda wa kuzuia damu haukazwi kwa macho. Sharti ubanwe mpaka damu ikome, ijapokuwa majeruhi analia, na hewa tupu haiufundishi mkono ukaidi wa nyama. Wasifuo miwani hupenda kutaja jaribio la Chuo Kikuu cha Yale la mwaka 2002, ambamo madaktari wanafunzi 16 walipasua kifuko cha nyongo, na waliozoezwa kwa mashine wakawatangulia wenzao kwa kasi ya asilimia 29 zaidi, makosa yao yakiwa machache mara sita. Ila husahau kutaja (nami naona ndiyo nukta yenyewe) kwamba mashine ile haikuwa na miwani kabisa, bali kioo cha kompyuta na vishikio viwili vya kushikwa barabara. Kadhalika madaktari wa macho wanafunzi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe walioonekana kunufaika na mazoezi ya kupasua mtoto wa jicho walikata macho ya bandia, wala si picha.

Basi wakuu wa afya wa Maniema, wakiletewa miwani hiyo kwa hisani ya wafadhili, waipokee. Lakini fedha yao wenyewe, iliyo haba, waitangulize kwenye mikanda na viungo vya bandia vya kufanyia mazoezi kwa kila kituo cha afya, ng'ambo zote mbili za mto.