Kusikiliza Udongo wa Meru

Toa sumaku kwenye spika mbovu, ifunge kamba, uiburute juu ya mchanga mweusi unaobaki kando ya barabara mvua ikikatika, iwe Sekei, Sakina au kule Ngaramtoni, hapa Arusha. Ukiiinua utaikuta imeota ndevu. Chembe hizo ni magnetaiti, madini ya chuma yaliyotoka tumboni mwa Mlima Meru pamoja na lava na majivu, kisha mvua ikayatenga na udongo mwepesi na kuyatandaza mitaani. Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, lakini ulichokitapika maelfu ya miaka kabla ya hapo bado kinateremka kila masika. Mkulima hana neno nacho, maana ndicho kilichostawisha migomba na kahawa yake. Mwenye detekta ya metali ndiye anayetaabika nacho, na namna anavyopatana nacho ni ufundi unaostahili sifa kuliko unavyopewa.

Mashine yenyewe haina uganga. Ndani ya koili, lile duara linalopitishwa karibu na ardhi, umeme hugeuza mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde na kutuma uga sumaku chini. Uga huo ukiifikia sarafu, huzusha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hurudisha uga wake, umechelewa kidogo. Kuchelewa huko ndiko kunakosikilizwa. Magnetaiti nayo hujibu, tena kwa nguvu, ila hujibu karibu papo hapo. Rupia ya fedha iliyolala kina cha kiganja inanong'ona, na udongo wa Meru unapiga kelele juu yake. Kinachofanywa na fundi ni kuifundisha mashine: jibu linalokuja kwa wakati huu ni la udongo, lipuuze, linalokuja nje ya hapo, nipe.

Somo hilo hutolewa kwa mkono na sikio. Kwanza atafute kipande cha ardhi kisicho na metali, jambo ambalo mjini Arusha linaweza kumaliza asubuhi nzima, kwa vifuniko vya soda, vipande vya bati na nyaya zilizozikwa kila mahali. Akikipata, huinua koili hadi usawa wa goti, akaishusha mpaka iguse majani, akaipandisha tena, huku kidole kikigeuza kirekebishi taratibu. Koili ikishuka na mlio ukapanda, bado hajafika. Mlio ukizama, amepitiliza. Anachotafuta ni pale ambapo kupanda na kushuka hakubadilishi chochote. Wapo wanaoacha mlio uinuke kidogo sana wanaposhusha, wakiamini kwamba hivyo vitu vidogo hujitokeza vizuri zaidi. Nami niko upande wao, ingawa najua mafundi watakaonicheka.

Mashine nyingi za siku hizi hujisawazisha zenyewe mtu anapotembea. Kwenye miteremko, ambako udongo hubadilika kila ukivuka mfereji, huo ni msaada wa kweli. Lakini ukirudia rudia kuipitisha juu ya kitu kimoja kidogo ili uhakikishe, nayo hukizoea kitu hicho, ikakihesabu kuwa udongo na kukinyamazisha. Fundi anayejua huizima huduma hiyo pindi anaposikia jambo.

Kosa la aliyeanza jana ni lile lile kila mahali: hupandisha usikivu hadi mwisho, kwa hoja kwamba mashine isikiayo zaidi itafika chini zaidi. Kwenye mchanga mkavu mweupe wa pwani huenda akafaulu. Hapa kwetu, mashine iliyofunguliwa yote hulewa udongo kabla haijaifikia sarafu, na sarafu ambayo pwani ingesikika sentimita 20 chini huenda hapa isisikike hata nusu ya kina hicho. Ukipunguza usikivu unapata zaidi. Ukibadilisha koili pana kwa ndogo unapata zaidi pia, kwa kuwa koili ndogo hutazama udongo mchache kwa wakati mmoja. Inamuuma mtu aliyetoa fedha nyingi kununua nguvu kisha akaambiwa asiitumie.

Wala usidhani Arusha ina udongo mmoja. Upande wa Kisongo ipo mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi, na kila ufa ni tundu katika mlio: koili ikivuka pengo, mashine hustuka kana kwamba imegusa kitu. Kando ya reli, iliyofika hapa kutoka Moshi mwaka 1929, udongo si tatizo kubwa kuliko misumari na mabaki ya chuma. Lakini penye kumshughulisha fundi hasa ni upande wa mashariki na kaskazini ya mlima, kuelekea Ngarenanyuki. Zamani za kale ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka ukamwaga mawe na vumbi hadi mbali, na juu ya maporomoko hayo yapo maziwa ya Momela, yenye maji ya magadi. Udongo wa magadi ukilowa hupitisha umeme, hivyo hujibu kama metali dhaifu iliyotandazwa chini nzima, kinyume kabisa na magnetaiti. Mashine inayotumia masafa mamoja haiwezi kuwanyamazisha wote wawili kwa usahihi. Fundi huchagua amnyamazishe nani, huinua koili vidole viwili vitatu kutoka ardhini, au husubiri jua likaushe. (Nazungumzia mashamba ya nje ya hifadhi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha hakuna wa kukuacha uchimbue.)

Tatizo hili lina umri sawa na chombo chenyewe. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaletwa na chombo chake cha umeme kuitafuta ndani ya mwili. Hakuipata. Sababu mojawapo ni kwamba kitanda cha mgonjwa kilikuwa na springi za chuma. Chombo kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni kukisawazisha na mahali kilipotumika. Chini ya rais palikuwa na Meru wake.

Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wengi wameikwepa shida hiyo kwa mashine za aina nyingine, zinazotuma mapigo mafupi ya umeme na kusikiliza katika kimya kinachofuata, wakati kelele nyingi za udongo zimeshakufa. Zinafika chini kweli. Gharama yake ni kwamba haziwezi kutofautisha vizuri msumari na punje ya dhahabu, basi unachimba kila mlio. Morogoro kuna waliokwenda mbali zaidi wakaiacha metali yenyewe: shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu ya kutegwa ardhini. Panya hajali chuma cha udongo wala kifuniko cha soda. Msumbiji, iliyotangazwa kuwa imeondoa mabomu hayo mwaka 2015, ilinufaika na pua hizo.

Arusha kinachowavuta wengi kununua detekta ni hadithi za mali za Wajerumani. Boma walilijenga mwaka 1900, leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na mji uliwatoka mikononi Machi 1916. Katikati ya tarehe hizo watu wamezika, kwa mdomo, masanduku yasiyohesabika. Dhahabu ya Kijerumani ilikuwepo kweli, sarafu za rupia 15 zenye tembo zilizopigwa Tabora mwaka 1916, ila Tabora si Arusha. Kinachoelekea kutoka udongoni hapa ni sarafu ndogo za heller, za shaba. Na wanaouliza kama mashine itawaonyesha tanzanaiti kule Mirerani, jibu ni hapana. Jiwe hilo si metali, hata usawazishe vipi. Hata kinachoonekana hakichukuliwi tu: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadai kibali kwa mwenye kuchimba mabaki ya kale, na kabla ya sheria kuna mzee mwenye shamba, anayestahili shikamoo na maelezo marefu kabla koili haijagusa nyasi zake.

Ngarenanyuki mzee huyo anaweza kuwa na lake la kukueleza. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wameru kutoka huko kwa nguvu ili kuwapa walowezi mashamba ya mifugo, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alilifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Sasa mfikirie mtu anayepita juu ya ardhi hiyo na kichujio cha chuma kikiwa kimewashwa, kama wafanyavyo wasaka sarafu karibu wote ili wasisumbuliwe na takataka. Kichujio hicho katika udongo wa volkano ni mwongo hata kwa sarafu, kwani fedha iliyozama sana huiita chuma. Juu ya nyumba iliyoungua kitamnyamazishia misumari, bawaba, jembe lililopotea mpini, yaani nyumba yenyewe. Hapo fundi hukizima, akapunguza usikivu kwa ajili ya magadi, akafunga koili ndogo, na akakubali kwenda polepole, mlio kwa mlio, huku mwenye shamba akimwonyesha mlango ulikuwa wapi.